Mti wa Kusafishia Kibuyu

Huko kanisani Kapsoit wanasema mume wangu Kipruto alirogwa. Alirogwa na nani? Waache upuzi. Mimi ndiye niliyechemsha.

Kipruto alichuma majani chai miaka ishirini na hakuwahi kulalamika mgongo. Sukari ilipomshika, kliniki wakampa vidonge. Vilimsumbua tumbo, naye alikuwa mbishi, jamani! Asubuhi moja alinikuta nikisugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa mkaa wa senetwet, ule mti wetu wa maua ya njano.

"Mama Chemutai, maziwa yakikaa humo mwezi mzima yanaoza?"

"Hayaozi."

"Basi mti unaozuia maziwa kuoza utashindwaje na damu yangu?"

Nilicheka. Halafu nikachukua panga, nikaenda kubandua magome.

Nikawa namchemshia kikombe asubuhi na kikombe jioni. Vidonge vikabaki dirishani. Wiki ya kwanza alihara mpaka macho yakaingia ndani, lakini mashine ya jirani yetu Syprose ikaonyesha sukari imeshuka. Tukaimba haleluya! Kumbe imeshuka kwa sababu chakula hakikukaa tumboni.

Syprose alimwambia, "Shemeji, rudia vidonge." Nikamjibu mimi, kwa ukali, kwamba watu wa kwao hawajui miti yetu. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo wanasema. Sikio lilikuwa langu, na aliyekufa ni yeye.

Mwezi wa tatu miguu ikafura, mkojo ukakauka. Hospitalini daktari alisema figo zimeshindwa na sukari imepanda sana. Akainama karibu na kitanda.

"Mzee, kuna dawa ya miti umekunywa? Sema tu, sikugombezi. Nataka kujua pa kuanzia."

Nilifungua mdomo. Kipruto akanifinya mkono.

"Hapana, daktari. Chai tu."

Alikuwa ananikinga mimi, ili nisiambiwe nimemuua. Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Niliona haya mbele ya yule kijana wa koti jeupe. Siku ya nne Kipruto akakata roho, na daktari bado hajui alikunywa nini.

Tulipotoka kumzika nilikikuta kibuyu nilichomjazia kabla hatujaenda hospitali. Nikakifungua, nikamimina kidogo kikombeni, nikaonja. Maziwa yalikuwa mazima kabisa.