Kaseti Moja, Nyumba Tisa

Kaseti imefutwa. Wingu jeusi limekaa juu ya milima, na kazi ya miezi minne haipo tena.

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya Novemba 1998, katika mtaa wa Buterere, pembezoni mwa jiji. Mawazo, fundi redio mwenye miaka arobaini na mitatu, anarudisha kaseti mwanzo na kuisikiliza upya. Badala ya mlio mkali anaoujua, inaimba kwaya.

Mbele yake amesimama Adrien, jirani yake na kiongozi wa kwaya hiyo, kofia mkononi. Mawazo alisahau kaseti ndani ya redio ya Adrien alipomaliza kuitengeneza.

"Fundi, unisamehe. Niliisikia inalia kama mabati yanakwaruzwa. Nikajua imekufa, nikarekodi wimbo."

"Umekufa we mwenyewe!" anajibu Mawazo. "Ile kelele ndiyo kazi yangu!"

Kelele ile ni maagizo ya kompyuta. Kompyuta yenyewe ni nyeusi, ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisani, ina vitufe vya mpira na haina kioo. Mawazo ameiunganisha na televisheni kuukuu na betri ya gari. Ikizimwa inasahau yote, ndiyo maana maagizo yake hutunzwa kwenye kaseti.

Aliinunua kwa Hamood, mfanyabiashara wa mtaa wa Rohero, kwa faranga elfu nne. Siku nzuri ya kutengeneza redio humpa elfu moja na mia mbili.

"Hamood aliniambia, 'Mawazo, hii ni mchezo ya watoto.' Mi nikasema, lete huo mchezo."

Nyumba tisa za hapa zimepangana kando ya mtaro. Ni wakati wa vita: jioni ikifika, amri ya kutotoka nje inaanza, na anayetoka anaweza kupigwa risasi. Mwaka juzi maji yalimchukua Bibi Scholastique wa nyumba ya tatu. Majirani walimsikia akiita. Hakuna aliyethubutu kufungua mlango.

"Mutu hawezi kutoka kuangalia maji," anasema Mawazo. "Basi nikatafuta kitu cha kuangalia kwa ajili yetu."

Ametega nyaya mtaroni katika vimo vitatu: kifundo cha mguu, goti na kiuno. Kila kimo kina kitufe chake. Maji yakifika, kompyuta inadhani mtu amebonyeza. Inapima muda kutoka kifundo hadi goti, inaandika dakika zilizobaki kabla maji hayajafika milangoni, kisha inapiga filimbi. Mawazo anagonga bati, jirani anagonga lake, mpaka nyumba ya tisa. Watoto na unga vinapandishwa juu.

Tangu Machi maji yameingia mara tatu. Hakuna aliyepotea.

Daftari la maagizo lililowa na kuoza. Aliyebaki nayo kichwani ni mkewe, Odette, ambaye wakati ule alikuwa akimsomea mumewe mstari kwa mstari. Sasa anachambua ndagala, samaki wake wadogo wa kuuza, huku akikumbuka kwa sauti.

"Mstari wa mia moja na kumi?" anauliza Mawazo.

"Kama goti limebonyezwa, ruka mpaka mia mbili."

"Una hakika, mama?"

"Apana, we ndiye una hakika! Andika, baba, mvua haitungojei."

Saa kumi jioni wanaijaribu, na filimbi inalia. Imekubali. Lakini betri haitafika asubuhi bila kubadilishwa, kwa hiyo lazima maagizo yarekodiwe. Kaseti mbili za majirani zinajaribiwa, na kompyuta inazikataa. Zimechoka kwa kurekodiwa. Inayokubalika ni ile ile ya asubuhi, yenye wimbo. Mkanda wake uliwahi kuliwa na redio, ukakatwa, zikabaki dakika tano tu, za upande mmoja unaofaa.

"Futa," anasema Adrien.

"Tuisikilize kwanza," anasema Mawazo.

Wanausikiliza mpaka mwisho. Kisha Mawazo anabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Namushukuru Mungu, namushukuru Hamood na mchezo yake," anasema. "Namushukuru Odette na kichwa chake. Hata huyu Adrien, ananiudhi lakini namushukuru." Akipata kompyuta ya pili, anataka kuiweka upande wa mashamba ya mpunga, kwenye nyumba nyingine ishirini.

Matone ya kwanza yanapiga bati.

Siku hii imegharimu redio mbili ambazo hazikutengenezwa, kikapu kimoja cha ndagala ambacho hakikufika sokoni, na wimbo mmoja wa dakika nne, wenye sauti kumi na moja. Wawili kati ya waimbaji hao walivuka kukimbilia Tanzania wiki iliyopita.