Majani Niliyoyang'oa

Bwawa letu la kumwagilia kabichi, hapa Kwai, lilikuwa na majani yaliyoota chini kabisa, marefu, yakiyumba ndani ya maji. Niliyachukia tangu nilipoolewa hapa. Binti yetu alipoanza kutembea nikamwambia mama mkwe tuyang'oe, yasije yakamnasa mtoto miguu.

"Hayo ndiyo yanayoshika tope, mwanangu. Yaache."

Mimi ni mbishi, sikatai. Alipokwenda Shume kumuuguza dada yake, nikaingia na reki nikayang'oa yote. Siku mbili nzima nilijisifu.

Wiki ya tatu maji yalikuwa kijani kizito. Sasa naelewa: samadi ya ng'ombe wetu huteremka na mvua hadi bwawani, na majani yale ndiyo yaliyokuwa yakiila. Yalipoondoka, ute wa kijani ukashiba badala yake, na tope lisilo na mizizi ya kulishika likawa linapanda kila upepo ukivuma. Zamani ungekiona kijiko kilichozama. Sasa ukitia mkono hadi kiwiko, vidole huvioni. Mama mkwe aliporudi alitazama, akasema tu, "Asiyesikia la mkuu," akaenda kukamua.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa napalilia. Nikainua kichwa, mtoto hayupo. Kandambili yake moja ilikuwa ukingoni mwa bwawa.

Nilipiga ukunga. Nilikodolea maji macho, sikuona hata shubiri moja. Mama mkwe alitoka zizini mbio, akaingia na nguo zake zote mpaka kifuani, akawa anapapasa tope kwa nyayo, kisha akainama akazamisha kichwa, mikono ikitafuta chini. Mimi niliganda pale pale. Niliogopa kuingia nisije nikamkanyaga mwanangu.

Mara nikasikia wifi yangu akiita kutoka barabarani: "Huyu hapa! Nimemkuta anakwenda kwa jirani!" Alikuwa amembeba mgongoni, mguu mmoja peku.

Mama mkwe hakusikia, kichwa chake kilikuwa majini. Nikaingia kumwambia. Nilipomkaribia, mkono wake ukanidaka kifundo cha mguu, ukakaza. Akaibuka, tope limemjaa usoni, analia kwa sauti.

"Nimempata! Nimempata!"

"Mama, ni mimi," nikamwambia. "Huo ni mguu wangu."

Hakuuachia.