Bakuli la Nne

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa nyumba ya wageni ya shamba la mpunga, hapa Ifakara, alionja wali wangu akaweka kijiko chini. "Wewe mtu wa kanisa, huu ni wali au uji?" Aliniita hivyo kwa sababu nilisali kabla ya kuwasha moto. Namshukuru Mungu, alinipa mabosi wakali pamoja na subira ya kuwavumilia.

Kutoka Ifakara nilihamishiwa kambi ya Mlimba. Kisha Mtaalamu Mkuu wa Mpunga akanichukua hadi Vietnam, niwapikie mafundi wetu waliokwenda kujifunza kilimo kando ya mto Mekong. "Wapikie ugali," aliniagiza, "ila na wewe ujifunze chochote utakachokikuta jikoni."

Tulipanga kwa mjane mmoja. Alinifundisha supu chachu ya samaki: ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, nanasi, nyanya, bamia, na mchaichai, huu huu wa chai yetu, ukipondwa sehemu nyeupe ya shina. Samaki huingia mwisho, wala hakorogwi, asije akavunjika. Lakini kila alipopakua, mama yule alizidisha bakuli moja, akaliweka kwenye mlango unaotazama mto. Nilimwuliza kupitia mkalimani ni la nani.

"Mume wangu. Mto ulimchukua, haukumrudisha."

Hakuna aliyekula mpaka bakuli lile liache kufuka mvuke. Nilifanya ishara ya msalaba, nikasubiri pamoja nao.

Nyumbani tulikuwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Mwanangu Severini alizama akivuka mto Kilombero kwa mtumbwi wakati wa mafuriko, kabla ya daraja kujengwa. Hakuonekana tena. Mama yake alisema bila mwili hakuna kaburi, na bila kaburi hakutaka kusikia habari ya Misa ya marehemu. Kila Jumamosi alifua shati la mtoto, akalipiga pasi. Alikonda mbele ya macho yangu, nikaogopa kumpoteza na yeye.

Niliporudi kutoka safari, Jumapili baada ya Misa, nilinunua perege sokoni nikapika supu ile. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu na binti yetu Agnesi.

"Baba Seve," mke wangu aliuliza polepole, "bakuli la nne la nani?"

Niliutazama mkono wangu. Upawa ulikuwa bado unadondosha. "Ni mazoea ya kule. Ngoja nirudishe chunguni."

"Liache."

Tukasali. Mabakuli yetu yakapoa, yakafanya utando. Lile la nne liliendelea kufuka.

"Baba, mbona lile halipoi?" Agnesi alinong'ona.

"Kula, mwanangu."

"Kula wewe kwanza!"

Nzi walitua kwenye mabakuli yetu matatu, lile hawakulisogelea. Mke wangu alikaa mbele yake, mikono mapajani, mpaka mvuke ukakatika ghafla, kama pumzi. Akachovya kidole, akakitoa haraka.

"Ya baridi. Baridi ya mtoni."

Akaimimina supu taratibu. Chini kulikuwa na mchanga laini, mweupe, kama wa kingo za Kilombero. Samaki nilimwosha mwenyewe, ukwaju niliuchuja kwa kitambaa, na mabakuli mengine, ya chungu kile kile, yalikuwa safi.

"Amerudi," alisema. Akaufunga mchanga ndani ya lile shati, tukaenda parokiani.

"Mama, nizike mchanga?" Paroko alishangaa.

"Padri, Jumatano ya Majivu huwa unatuambia sisi ni nini?"

"Mavumbi," Paroko alijibu. Kisha akaenda kuchukua stola yake ya mazishi.

Sasa nimestaafu. Vijana wakija kuniuliza mapishi ya kigeni, nawaambia wahesabu watu kabla ya kushika upawa. Kilichotokea mezani kwetu sikijui, na sijamdai Mungu maelezo. Mke wangu amenenepa, kaburi la mwanawe analifagia, na supu ile huiomba mwenyewe. Ila nikishapakua, hagusi kijiko. Huyatazama mabakuli, moja baada ya jingine, mpaka yote yaache kufuka. Ndipo husema, "Haya, tule."