Mluzi Ndani ya Helmeti

Jumamosi nilikuwa gereji moja ya Mobeni, nangoja tairi langu lizibwe pancha, walipoingia mume na mke kwa pikipiki. Helmeti zao zina spika na maikrofoni za intakomu, ili waongee njiani na kusikiliza kwaya za redio ya pikipiki. Mume alilalamika, "Fundi, ndani iko mluzi. Nikiongeza mwendo, nao unapanda."

Fundi, Mkongo mpole, alifuata nyaya kwa kidole mpaka akatabasamu. "Papa, waya hasi ya redio umeifunga kwenye chuma cha pikipiki, ya intakomu kwenye betri. Umeme wa injini unapita kati ya hizo mbili, ndio unaimba." Akazifunga zote mbili pamoja, kwenye ncha hasi ya betri.

Wakaenda mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, na kurudi. Mume alikuwa anacheka. "Kimya kabisa. Sharp."

Mke hakushuka. Aligonga helmeti yake kwa kidole, taratibu, kama anayebisha hodi. "Fundi, unaweza kuurudisha?"

Sote tukamtazama.

"Nikikaa nyuma, mgongo wake unanizibia saa ya spidi, na upepo unafunika injini. Mluzi ukipanda, namfinya ubavuni, anapunguza. Sasa nitajuaje?"

Fundi akamgeukia mume. Mume akaanza kulichunguza tairi langu, ambalo halimhusu.

Eish. Wiki nzima najiuliza yule bwana alikuja kuondoa mluzi, au kukwepa kufinywa.