Mfupa Umeshika

Mungu alimpa Garama wa Dzombo pumzi ya watu watatu, akamnyima fizi. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, zamani alipokuwa bado na hamu ya mzaha. Nzumari aliipuliza bila kukatiza, hewa ikiingia puani huku nyingine ikitoka mdomoni, mashavu yamefura kama ya mtu aliyebugia mhogo wa moto, na wachezaji wa ngoma ya sengenya walichoka kabla yeye hajachoka. Huko Kinango hawakujisumbua kumtaja kwa jina. Walisema tu, yule mpwa wa Mwinga.

Mwinga alikuwa kaka wa mama yake. Ndiye aliyemlea Garama baada ya baba yake, Dzombo, kufariki, na ndiye aliyemtia nzumari mkononi. Kwa Waduruma mjomba si mtu wa kupitia kusalimu na kwenda zake. Ukimkosea mjomba, umekosa pa kukimbilia. Na huyu Mwinga alikuwa mwalimu mkali: alimkalisha mtoto mbele ya kata ya maji na mrija wa jani la mpapai, apulize mapovu bila kukoma, na povu likikatika, chakula nacho kimekatika. Garama alilala na njaa mara nyingi. Siku povu lilipokataa kukatika, mjomba mtu alicheka hadi machozi yakamtoka, akaenda kumchinjia kuku.

Alipokuwa mtu mzima alihamia Ukunda pamoja na mkewe, Mbodze, akawa anapiga katika hoteli za Diani. Wageni walikaa miguu imo ndani ya bwawa la kuogelea, wanapiga makofi mahali pasipo pa makofi. Garama hakuwachukia. Kazi ilikuwa kazi, na kila kulipokuwa na hanga kwao, yaani matanga, aliaga hotelini akapanda kwenda kupigia wafu wake kwa roho safi.

Fizi zilianza kumsaliti polepole. Asubuhi mswaki wa mti ulitoka na damu, akasema ni mti mkavu. Ukoga ulimjaa kwenye mashina ya meno, akasema ni ugoro, na ugoro wenyewe alikuwa haachi kuutia chini ya mdomo. Kisha meno yakaanza kurefuka kama ya farasi, maana fizi zilikuwa zinarudi nyuma, na Mbodze akawa anageuza uso mumewe akimsemesha kwa karibu. Jino la kwanza la mbele lilimtoka akiwa katikati ya wimbo, mbele ya wageni, akalimeza asikatize. La pili likabaki kwenye gunzi la hindi. Mawili ya pembeni yakawa yanacheza kama vigingi kwenye mchanga.

Sasa mpiga nzumari hashiki kitu kwa meno, lakini mdomo wake hukaa juu ya kisahani cha kuegemeza midomo kwenye nzumari, na mdomo bila meno nyuma yake hudidimia. Hewa huvuja. Garama aliviringisha kipande cha kitambaa, akakitia chini ya mdomo wa juu, akaendelea kupiga. Wageni hawakujua tofauti. Yeye alijua, na mjomba Mwinga alijua vilevile, kwa kuwa alimwambia, "Mpwa wangu, nzumari yako siku hizi ina mafua." Akacheka, lakini Garama hakucheka.

Basi mwanzoni mwa mwaka tisini na saba walikuja watu wa utafiti wa meno. Walipewa chumba katika zahanati moja upande wa Msambweni. Mkubwa wao alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, Daktari Anselm, na msaidizi wake alikuwa dada wa bara aliyeitwa Philister, daktari wa meno aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni. Daktari Anselm alikuwa amefikia hoteli ile ile aliyokuwa akipiga Garama. Jioni moja alimwona akitoa kitambaa mdomoni baada ya ngoma, akamfuata hadi nyuma ya jukwaa, akamwashia kurunzi kinywani bila hata kumsalimu.

Philister ndiye aliyeeleza. "Mzee, hawa wanaweka meno ya kupandikiza. Wanafunga skrubu ndani ya mfupa wa taya, halafu jino linakaa juu yake. Haling'oki. Sasa wanataka kujua kama mfupa ambao umeliwa na ugonjwa wa fizi unaweza kushika hiyo skrubu. Ni bure kabisa."

"Na meno yenyewe?"

Philister alimwuliza daktari kwa Kiingereza, daktari akatikisa kichwa kukubali, akahesabu kwa vidole: kwanza skrubu, kisha miezi ya kungoja mfupa ushike, kisha meno. Garama alilisikia la tatu tu. Na nani angesikia mengine? Mwambie mtu mwenye kiu kwamba kisima kina ngazi, mfuniko na maji, uone atakumbuka lipi.

Masharti yalikuwa mengi. Ugoro basi, na kuuacha kulimtesa kuliko maumivu ya jino. Asukutue kwa maji ya chumvi kila alapo. Apige mswaki laini kutoka kwenye ufizi kwenda chini, taratibu, si kusugua kama anayesugua sufuria. Asitafune kwa meno ya mbele. Na sharti la mwisho Daktari Anselm alilitoa mwenyewe: aliionyesha nzumari kwa kidole, kisha kidole hicho hicho akakitikisa mbele ya pua ya Garama. Asipulize hata mara moja mpaka mfupa uwe umeshika. Akipuliza, skrubu zitalegea, na kazi yote itakuwa bure.

Mwezi wa tano walimng'oa yale mawili yaliyokuwa yakicheza, wakamtia ganzi, wakamtoboa mfupa, wakamfunga skrubu nne. Uso ulivimba hata Mbodze akaogopa. Lakini Garama alifuata masharti kama mtu aliyeshika saumu. Damu ya fizi ilikoma. Harufu ikaisha, Mbodze akaacha kugeuza uso. Daktari alipoziangalia fizi zake alimpiga begani, akamwita kwa wagonjwa wengine aje aonyeshe jinsi anavyopiga mswaki. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kukubali. Hotelini walimweka mtu wa kupiga kayamba, na nyumba ikaendeshwa na viazi vya karai alivyokaanga na kuuza Mbodze. Ni miezi tu, Garama alisema. Kisha nitapiga mpaka waniombe ninyamaze.

Mwezi wa saba mjomba Mwinga akafa.

Habari zilipofika Ukunda, Mbodze alimtazama mumewe kabla hajalia. "Utapiga," alisema. Haikuwa swali.

"Daktari amekataza."

"Daktari hamjui Mwinga. Wewe unamjua. Mjomba wako amekufa, na wewe ndiye mpwa. Kapige, hata kama ni wimbo mmoja wa kumshusha kaburini. Meno yakivunjika, yamevunjika."

"Nikiyavunja sitapiga tena maisha yangu yote. Mjomba mwenyewe angetaka nini? Nimpigie siku moja nikae bubu, au ningoje nimpigie miaka?"

Alikuwa na hoja, na hoja ndiyo iliyomponza. Njia nzima hadi Kinango alikuwa akiipanga vizuri kichwani, namna atakavyowaeleza ndugu zake habari za mfupa.

Hanga lilikuwa kubwa. Watu walitoka Samburu, walitoka Kikoneni, waliacha mbuzi na mashamba. Shutu, mwana mkubwa wa marehemu, alitoka ndani ya nyumba ya baba yake na nzumari ya mzee Mwinga mkononi. Aliipita safu ya wazee, akaja moja kwa moja hadi aliposimama Garama, akamnyooshea mbele ya kadamnasi.

"Garama, mjombako amelala ndani. Nzumari yake ndiyo hii. Piga."

Garama hakuipokea. Alianza kueleza. Alisema habari ya skrubu, akasema mfupa, akasema miezi, akasema daktari. Kila alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika vibaya, hata masikioni mwake. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Ati ametiwa misumari na Wazungu?" Wengine wakacheka, kicheko cha matangani ambacho watu hukiziba kwa kiganja.

Shutu hakucheka. "Baba alikuwa hana jino hata moja mwaka wake wa mwisho," alisema. "Alipiga mpaka wiki aliyokufa. Kwa fizi tupu."

"Fizi zake zilizoea, Shutu. Mimi nimeambiwa..."

"Umeambiwa na nani? Nani wako huyo?"

Shutu alimpa kisogo. Wakamtafuta mpigaji mmoja wa Kikoneni, kijana asiyemjua marehemu, akapiga nyimbo za harusi zilizopunguzwa mwendo, na Mwinga akazikwa kwa hizo. Garama alisimama pale na pumzi yake ya watu watatu, midomo ameifunga. Wakati wa kuondoka alimwendea mjane wa mjomba, akamwamkia, "Shikamoo, mama," na mama yule akaitikia "marahaba" huku anatazama pengine. Hakuna aliyemfukuza. Ila tangu siku hiyo, palipokuwa na hanga au harusi kwao, hakuitwa.

Alijipa moyo. Wangemsikia akipiga na meno mapya, wangeelewa. Akarudi Ukunda, akasukutua kwa maji ya chumvi.

Mwezi wa nane Likoni ikawaka moto. Watu wa bara waliuawa na wengine wakakimbia na watoto na magodoro, wageni wakapakiwa kwenye mabasi kwenda uwanja wa ndege, hoteli zikafunga milango moja baada ya nyingine. Philister alijificha kanisani pamoja na watu wa kwao, halafu akaondoka. Daktari Anselm naye alisafirishwa. Alimwachia mlinzi wa zahanati salamu kwamba atarudi hali ikitulia.

Hali ilitulia. Ikaja mvua ile ya El Nino iliyobeba madaraja, nayo ikakauka. Garama alikwenda zahanati mara nyingi kiasi kwamba mlinzi akawa humwandalia chai. Chumba kilikuwa kimefungwa kufuli. Miezi ya mfupa ilipita ikapitiliza. Alikuwa na pengo la meno manne mbele, na ndani ya pengo hilo vifuniko vinne vidogo vya chuma vinavyong'aa akifungua mdomo, hata watoto wa Ukunda wakamwita Mzee Betri. Bila vyuma hivyo angekuwa kibogoyo wa kawaida, na kibogoyo hachekwi sana.

Hata hivyo alijaribu kupiga. Alirudia kitambaa chake cha zamani, lakini safari hii hakukuwa na jino pembeni la kukishikilia, na kilikuwa kinateleza juu ya vile vyuma. Hewa ilivuja kila upande. Mbodze alikuwa jikoni anamenya viazi, akasikia, akaendelea kumenya. Garama aliifunga nzumari kwenye gunia, akatafuta kazi ya kufagia uwanja wa hoteli moja iliyofunguliwa upya.

Ilikuwa mwaka tisini na tisa, siku za mwanzo, Philister aliporudi. Alikuja na gari la mradi na mashine ya eksirei, na alikuwa amenenepa kidogo. Alimkumbuka Garama, akamwamkia kwa heshima, akamkalisha kwenye kile kile kiti. Asubuhi hiyo Garama alikuwa amepiga mswaki mara mbili.

Philister aligonga skrubu moja moja kwa kijichuma, akasikiliza. Alipima fizi kwa sindano butu. Alipiga picha, akaiinua kwenye mwanga, na uso wake ukachangamka.

"Mzee, mfupa umeshika! Zote nne. Na fizi ni safi sana, hata sijui nisemeje. Watu wengi zimewatoka. Wewe ni kati ya wale waliofaulu kabisa."

"Alhamdulillahi," Garama alisema, ingawa hakuwa mtu wa kuswali. "Basi meno tutayafunga lini?"

Philister aliiweka picha chini. Alivua glavu, kidole kwa kidole.

"Mzee, meno hayakuwa kwa utafiti. Utafiti ulikuwa ni kuona tu kama skrubu itashika. Meno, Daktari Anselm alikuwa anataka kuwafanyia mwenyewe, kwa sababu alikuwa hapa. Sasa yeye ameshaacha, ako kwao, ana kazi ingine. Mimi nimetumwa kupima tu. Pole sana."

Alionekana kweli kuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma Garama, kwa kuwa hakupata mtu wa kumgombeza. Philister alianza kukusanya vyombo vyake. Ndipo Garama akauliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza mtu yeyote.

"Binti yangu, kungekuwa na nini kama ningepuliza nzumari siku moja? Mwezi wa saba ule. Wimbo mmoja tu."

Philister alifikiri. Alikuwa msichana mkweli. "Kupuliza? Wimbo mmoja?" Alitabasamu, akidhani anamwondolea mzee wasiwasi. "Ah, haingefanya kitu, mzee. Tuliwakataza tu ili watu wawe waangalifu, Daktari alikuwa hataki kitu chochote kiharibu matokeo. Kwani ulipuliza?"

"Sikupuliza."

"Umeona? Ndiyo maana zimeshika vizuri."

Alimwomba ainue mdomo apate picha ya mwisho. Garama aliuinua kwa vidole vyake mwenyewe, akatulia mpaka taa ilipommulika.

Alipofika nyumbani Mbodze alikuwa anachuja viazi mafutani. Aliangalia mdomo wa mumewe kwanza, kisha macho yake.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nimefaulu," Garama alijibu, akapita ndani akafunga mlango.