Chombo cha Angani na Kifua cha Rehema

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, wakati huo tukikaa mjini, mtaa wa Shauri Moyo, mjomba wangu Athumani alipotua sufuria la pilau katikati ya chumba na kutangaza kwamba amewahi kuwapikia watu waliorusha chombo kwenda mbinguni. Tulicheka sana. Mjomba alikuwa mpishi, na wapishi hawatii chumvi kwenye chungu peke yake.

Lakini safari hiyo alisema kweli. Kule kwetu Malindi wageni walikuwa wamesimamisha jukwaa la chuma baharini, na kutoka hapo, siku ya kusherehekea uhuru wa nchi yetu, wakarusha setilaiti. Wakaiita Uhuru. Mjomba aliwapikia mafundi, nao wakila walimweleza kazi ya chombo chao, yaani kutafuta eksirei huko angani.

"Eksirei si ya hospitali?" akauliza baba.

"Ya hospitali ipo, shemeji, lakini hizi zatoka kwenye nyota. Tena nyota iliyokwisha kufa. Imekaa na mwenzake aliye hai, inamla polepole. Anapoliwa ndipo eksirei zinapotoka."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, mwiko mkononi, nasi tukasisimka mwili. Mdogo wangu Rehema alijifunika leso usoni, akicheka huku anaogopa. Mjomba alijua kuwaacha watu na hamu, kwa hiyo akaishia hapo hapo. Haukupita muda akapata kazi katika hoteli moja ya Nakuru, akaenda zake.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mchanga. Alikuwa mtu wa maneno machache, na jambo likishamwingia halitoki. Rehema alikuwa kitinda mimba wake, na katika nyumba yetu yeye tu ndiye aliyethubutu kumvuta baba ndevu akaachwa hivi hivi.

Masika yalipokwisha, Rehema akaanza kukohoa. Tulilala kitanda kimoja, kwa hiyo kikohozi kile nilikijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Tukampa tangawizi, tukampa asali, tukachemsha mwarobaini. Akakonda mpaka gauni la Idi likawa linamning'inia. Muuguzi wa zahanati akamwambia mama ampeleke hospitali kubwa akapigwe picha ya kifua, tena asikawie, maana kama ni kifua kikuu dawa yake ipo.

Mama alirudi na habari hiyo, baba akakataa.

"Miale ya nyota iliyokufa haitapita kifuani mwa mwanangu," alisema. "Umeshasahau maneno ya kaka yako? Vitu hivyo vinakula kilicho hai."

Mama alilia, alibembeleza, akamwita hata jirani aje aseme naye. Baba hakubadilika, nasi watoto tuliogopa kama yeye, kwa kuwa hadithi ile tuliisikia sote.

Usiwe mwepesi wa kumhukumu, mwanangu. Hakukataa kwa ukatili wala ubahili. Alimtafutia maziwa ya mbuzi na supu ya mifupa, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye hata chai alikuwa akimiminiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi hatukuyaficha. Mtaa mzima ulijua. Tuliikimbia dawa kwa mapenzi, na mapenzi ya namna hiyo nayaogopa mpaka leo.

Rehema alifariki siku ya Ijumaa, kichwa chake kikiwa pajani pangu. Wanaume wakampeleka makaburini Kariokor kumzika, nasi wanawake tukabaki na kitanda. Nimepata marafiki wengi baada yake, na watoto, na wajukuu. Mdogo wangu sijampata tena.

Mjomba alifika matanga yakiwa bado hayajaanuliwa. Aliingia chumbani kumpa mama pole, baba akiwa ameketi jamvini pamoja na bibi yetu, yule aliyemzaa baba.

"Na picha ya kifua," mjomba akauliza alipoelezwa habari za kikohozi, "ilionyesha nini?"

"Picha gani?" baba akasema. "Si wewe uliyetuambia eksirei zinakula watu?"

Mjomba akashika kichwa. Akakaa chini pale pale mlangoni, na ndipo akatoa sehemu ya hadithi aliyobaki nayo siku zote hizo.

"Kile chombo hakirushi kitu, shemeji. Kinapokea tu."

Alieleza kwamba hewa hii tunayovuta huzizuia eksirei za nyota zisitufikie, na ndiyo sababu chombo kilipelekwa juu kuliko hewa, kikazingoje huko. Ndani kina visanduku vya gesi. Eksirei ikiingia na kuigonga gesi hiyo, umeme kidogo hutokea, na chombo huuhesabu. Mbele ya visanduku kuna vijia vyembamba vya chuma, ili ziingie zile tu zinazokuja moja kwa moja, mafundi wapate kujua zimetoka upande gani. Chombo hujizungusha taratibu, kikipekua mbingu upande mmoja baada ya mwingine, na habari zake huziteremsha kwa redio. Na nyota hailiwi na eksirei. Gesi ya ile hai ndiyo inayovutwa na ile mfu, ikashika joto kali lisilosemeka, na joto hilo ndilo linalozitoa.

"Ni kama jikoni," alisema, machozi yakimtoka. "Moshi hauli kuni. Unakuonyesha tu kwamba moto upo."

"Na ile ya hospitali?"

"Ile mashine ndiyo inayorusha, kidogo tu. Inapita kifuani mara moja, inaacha picha, basi. Mimi nilipigwa kabla ya kuajiriwa, na huyu hapa unaniona."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, shemeji."

Bibi aliinua uso. Akawatazama wote wawili.

"Mmoja amesimulia nusu," alisema, "mwenzake akasikia nusu. Na mtoto tumemzika mzima."



Matanga yalipoanuliwa baba alitupeleka sote hospitali, akatangulia yeye kuvua shati. Mimi nilikutwa na doa kwenye pafu. Nilidungwa sindano na kumeza vidonge kwa miezi mingi, mpaka daktari akaniambia nimepona. Siku hiyo baba alilia mbele ya watu, pale kwenye benchi la wagonjwa, akirudia neno moja tu: "Dawa ilikuwepo. Ilikuwepo."

Basi sikia, mwanangu. Nyinyi siku hizi habari mnaletewa vipande vipande kwenye simu, na kabla hamjamaliza kusoma mmeshampelekea mwingine. Ukijua jambo, lisimulie hadi mwisho, hata kama mwisho wake hauna utamu. Ukisikia la kukutisha, mwendee aliyelisema umuulize, na akikujibu muulize tena. Kuuliza si ujinga. Na umpendaye usimkinge na kitu usichokijua. Mshike mkono, mwende pamoja mkakijue.

Mungu akukuzie wadogo zako. Akupe kifua kizima na sikio lisilochoka, na asikufanye upate jibu lako ukiwa umekaa kwenye jamvi la matanga.