Picha Iliyobaki Kanisani

Mama alikuwa ameshaitwa shuleni mara tatu kwa ajili yangu. Mara ya kwanza nilimwiga mwalimu wa nidhamu mstarini, kumbe yuko nyuma yangu. Mara ya pili nilimwiga tena, kwa sababu wenzangu walidai ile ya kwanza haikuwa na kikohozi. Ya tatu siisemi, inamhusu mbuzi wa shule. Kila mara mama alipanda moto, yaani pikipiki, kutoka Gahanga hadi shuleni kwetu Rebero, akavua helmeti mbele ya ofisi, akanitazama tu. Hasemi kitu, sha. Bora angenifokea.

Kwa hiyo muhula huu niliapa kwamba siku ya wazazi kututembelea atakuja kwa sababu nzuri, walau mara moja. Klabu yetu ya Kiswahili ilikuwa imepewa dakika kumi ukumbini kuonyesha video ya siku moja ya shule: mstari wa asubuhi, jiko, zizi, somo la kemia. Simu tuliyorekodia ilikuwa na maiki mbovu. Sauti yote ilikuwa upepo mtupu, utadhani tunasomea juu ya mlingoti. Wenzangu walisikitika, mimi nikafurahi. Nimekulia kwenye agasobanuye, zile filamu ambazo mtu mmoja anakaa na maiki na kusema kwa niaba ya wote: jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa. Hapo sasa nilikuwa na filamu yangu, na kila aliyemo alikuwa bubu akinisubiri.

Lakini msimuliaji hawezi kusimulia asichokiona. Inabidi picha iwe mbele yake wakati sauti inaingia. Kompyuta za shule hazikuwa na programu ya kazi hiyo, ndipo msichana wa darasa letu, ambaye baba yake anaongoza kwaya huko Gisozi, akatuazimia kompyuta ambayo kwaya inarekodia nyimbo. Aliileta mwenyewe Jumapili asubuhi, siku yenyewe ya wazazi, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Saa tatu tukaifungua. Nikaiingiza video kwenye programu ya sauti, nikabonyeza kitufe cha kuanza. Upepo wetu ukavuma vizuri kabisa, michirizi ya sauti ikaruka juu na chini. Picha, hakuna. Hata weusi wa picha haukuwepo.

Mwalimu mlezi wa klabu alitazama kwa nusu dakika.

"Hii programu iko ya sauti," akasema. "Wewe umeshaona redio yenye picha?"

"Ticha, imeandikwa hapa inapokea video."

"Imeandikwa! Na wewe kwenye daftari umeandikwa mwanafunzi." Wenzangu wakacheka, wasaliti. "Saa tano. Ikifika saa tano hamna picha, dakika zenu nampa mwalimu wa nidhamu. Ana hotuba."

Hotuba ile naijua. Inaanza na nywele na kuishia na nywele, na sisi sote tumenyolewa vipara. Mama yangu apande moto Jumapili yake yote aje kusikiliza habari za nywele za watu wasio na nywele? Sikubali.

Nikaanza. Niliifungua ile video nje ya programu, ikacheza bila shida, kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye video. Nilifunga programu na kuifungua upya. Niliibadilisha video iwe ya aina nyingine, nikakaa nikihesabu asilimia zinazopanda kama mtu anayechemsha maharage bila kuyaloweka. Ikaisha. Bado upepo tu. Nikaenda kwenye orodha ya madirisha ya programu: mbele ya dirisha la video palikuwa na alama ya tiki. Yaani mashine inaniambia usoni kwamba dirisha liko wazi.

"Liko wazi wapi?" nikaiuliza kwa sauti.

"Sasa unagombana na kompyuta ya kanisa," msichana akasema. "Utatubu."

"Itatubu yenyewe. Inasema uongo."

Saa tano kasorobo mwalimu mlezi akarudi kuchungulia mlangoni. Alionyesha saa yake tu. Nikamwonyesha dole gumba, na sikuwa na sababu yoyote ya kulionyesha.

"Kule kanisani mnaitumiaje hii?" nikamuuliza msichana.

"Kawaida. Tunaunganisha na projekta, maneno ya nyimbo yanatoka ukutani. Kwenye kioo hiki hapa yanabaki mambo ya baba tu."

"Kwa hiyo ukutani ni kioo cha pili?"

"Ndiyo, kiko upande wa kulia wa..." Tukatazamana. Halafu wote wawili, kama wajinga, tukageuka kulia na kutazama ukuta wa maabara.

Mashine haikuwa imesema uongo. Dirisha lilikuwa wazi kweli, ila lilifunguka pale lilipozoea, kwenye ukuta wa kanisa ulioko Gisozi. Tangu saa tatu mpishi wetu alikuwa anakoroga uji hewani, nje kabisa ya kioo chetu.

Nikalichagua lile dirisha nisiloliona, nikatoa amri ya kulisogeza, nikashikilia mshale wa kushoto. Sekunde kadhaa, kimya. Kisha kwenye ukingo wa kulia kikatokea kiwiko. Kiwiko kikafuatwa na mwiko, mwiko ukafuatwa na sufuria, na mpishi mzima akaingia na mvuke wake.

"Yewe!" msichana akapiga kelele, mwalimu mlezi akaja mbio akidhani tumeunguza kitu.

Nilirekodi yote kwa pumzi moja. Nilikuwa mpishi, nilikuwa ng'ombe, nilikuwa moshi wa kemia. Mwalimu wa nidhamu alipotokea akikagua mstari, nikakohoa kikohozi chake, nikasema: "Wewe! Hiki kichwani ni nini? Ni kivuli? Kinyoe!"

"Hapo ondoa," akasema mwalimu mlezi.

"Nikiondoa, Ticha, atabaki anafungua mdomo bila sauti kama samaki, mbele ya wazazi."

Akafikiri. Akaenda kunywa chai.

Saa saba ukumbi ulijaa. Kwenye kikohozi wazazi walicheka hadi viti vikalia, na wale waliokulia Tanzania kama mama walikuwa wakiwatafsiria wenzao wasiojua Kiswahili huku wakifuta machozi. Mwalimu wa nidhamu hakucheka. Taa zilipowaka alikuja moja kwa moja hadi nilipokaa na mama.

"Kijana. Jumatatu ofisini, pamoja na mzazi."

Mara ya nne. Nikatazama chini, nikisubiri yale macho ya mama yasiyosema kitu.

"Mwalimu, mzazi nimeshafika," mama akasema. Alikuwa bado ameshikilia helmeti mapajani. "Nimetoka Gahanga. Sema sasa hivi, mtoto amekosa nini?"

"Ameniiga, mama! Na mimi siongei hivyo!" akafoka, kisha akakohoa.

Mama akaficha uso ndani ya helmeti.